Vinara wa Meza: Skandinavia Dhidi ya Kwetu

Mtu wa Mvumi akifika Kilosa mjini, akapanda gari la Mikumi, anajua kupima mgahawa. Anaangalia sahani imejaa kiasi gani na malori mangapi yameegeshwa nje. Baadhi ya migahawa inayotajwa sana duniani miaka hii iko kwenye miji mikuu ya Skandinavia, na huko wanapima kwa nyota na mataji. Nimeipanga kwa rekodi, kisha nikaingiza ya kwetu uwanjani. Skandinavia haikuondoka na vikombe vyote!

1. Mataji mengi

Noma, Copenhagen. Mpishi aliyeujengea jina, René Redzepi, ana baba aliyehamia Denmark kutoka Makedonia. Mgahawa ulifunguliwa 2003, ukashika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya migahawa 50 bora duniani mara 5: 2010, 2011, 2012, 2014 na 2021. Brazil nayo imetwaa Kombe la Dunia mara 5, lakini kutoka la kwanza hadi la tano ilipita miaka 44. Noma ilitumia 11.

Ila orodha hiyo ilipotoka mara ya kwanza, 2002, Noma ilikuwa haijazaliwa. Carnivore ya Nairobi ilikuwamo, na mwaka uliofuata ikawamo tena!

2. Nyama nyingi kuliko wote, na nyama sifuri

Hili ndilo pambano ninalolipenda kuliko yote. Kona ya kwanza, Carnivore, Lang'ata, tangu 1980. Katikati kuna tanuri kubwa la mkaa, nyama imechomekwa kwenye sime za Kimasai, na wahudumu wanapita meza kwa meza wakikukatia moja kwa moja kwenye sahani. Hawaachi. Wataacha utakapokilaza kibendera kidogo kilicho mezani kwako, ishara kwamba umesalimu amri. Zamani walichoma hata pundamilia, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara ya nyamapori mwaka 2004. Mamba na mbuni wa kufugwa walibaki.

Kona ya pili, Geranium, Copenhagen. Uko ghorofa ya 8 ya Parken, uwanja wa taifa wa soka wa Denmark! Uwanja wenyewe unaingiza watu 38,000 hivi. Wetu wa Benjamin Mkapa unaingiza 60,000, kwa hiyo hapo tumeshawapita kwa watu 22,000. Lakini jikoni kwake ni moto: mwaka 2016 ulikuwa mgahawa wa kwanza Denmark kupata nyota 3 za Michelin, kitabu kinachopima migahawa. Januari 2022 mpishi mkuu Rasmus Kofoed akaondoa nyama yote kwenye mlo. Akabaki na mboga na vya baharini. Mwaka huohuo ukatangazwa wa kwanza duniani.

Nairobi wanashinda kwa uzito wa sahani, Copenhagen kwa kombe. Mimi kura yangu iko kwenye sime.

3. Mlo mrefu zaidi

Alchemist, Copenhagen tena. Vionjo karibu 50, na kukaa mezani saa nne hadi sita. Kutoka Dar es Salaam hadi lango la Hifadhi ya Mikumi ni kilomita 283. Keti Alchemist basi linapoondoka Dar. Abiria watapita Chalinze, watapita Morogoro, wataanza kuonyeshana swala dirishani, na wewe hujafika kwenye kionjo cha mwisho.

4. Mzee kuliko wote

Den Gyldene Freden, Stockholm, 1722. Unaupita kwa miaka 3 hata Sobrino de Botín wa Madrid, ambao ndio ulioandikwa kwenye kitabu cha Guinness kuwa mkongwe kuliko yote. Ulipopika chungu cha kwanza, ilikuwa imebaki miaka 185 reli ya Mjerumani ifike Morogoro! Na mwenye nyumba ni nani? Ni Akademia ya Uswidi, walewale wanaotoa Nobeli ya fasihi, na wajumbe wake huenda kula hapo siku za Alhamisi. Ndio waliompa tuzo hiyo mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar.

5. Chini kabisa

Hapa Norwei walijitutumua. Mwaka 2019, mbali na Oslo, kusini kabisa mwa nchi, walifungua Under: mlaji anakaa mita 5.5 chini ya uso wa bahari na samaki wanapita kiooni. Mita 5.5 ni twiga dume mrefu wa Mikumi, kwato hadi pembe. Mmoja.

Sasa nenda Diani, pwani ya Kenya, kwenye pango la Ali Barbour. Meza ziko mita 10 hivi chini ya ardhi, karibu twiga wawili waliobebana! Mgahawa ulianza 1983, lakini pango lenyewe linakadiriwa kuwa na miaka 120,000 hadi 180,000. Dari likiwa wazi kwa juu, unaona nyota za mbinguni, na hizo hakuna mkaguzi wa Michelin anayeweza kuzipunguza.

6. Kijana kuliko wote

Marcus Samuelsson. Amezaliwa Ethiopia, amelelewa Göteborg, Uswidi. Mwaka 1995, akiwa na miaka 24, akiongoza jiko la Kiswidi la Aquavit jijini New York, gazeti la New York Times liliupa mgahawa huo nyota 3 za gazeti lenyewe. Hakuna mpishi mdogo kuliko yeye aliyekuwa amewahi kuzipata.

7. Viti vingi zaidi

Hapa hatushindi sisi wala Skandinavia. Kombe ni la Bawabet Dimashq, Damascus: viti 6,014, rekodi ya Guinness ya 2008. Ni mabasi 100 ya abiria 60, na watu 14 wamesimama.

8. Walaji wa safari ndefu

Hapa naiingiza Mikumi. Barabara kuu ya Tanzam inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na malori ya Zambia, Kongo na Malawi yanasimama mjini kwa ugali, mchuzi na kuku wa kuchoma. Copenhagen hadi Oslo kwa barabara ni kama kilomita 600. Dereva aliyeingia nchini kwa mpaka wa Tunduma, akiegesha Mikumi na kuagiza maji ya kunawa, ameshazimaliza hizo 600 na bado yumo ndani ya Tanzania!