Chebunyo Wanakujua, Nyayo House Hawakujui

Chebunyo iko upande wa chini wa Kaunti ya Bomet, ndani ya Chepalungu, mahali ambapo chai imekwisha na ng'ombe wameanza. Kadiri unavyoteremka kutoka nyanda za Kericho ndivyo mvua inavyopungua, na habari za bonasi ya chai zinageuka kuwa habari za maziwa na bei ya ndama. Hapa hakuna anayekuuliza kitambulisho ili akujue. Anakujua kwa boma, kwa ukoo, kwa mtoto wako wa kwanza. Mwanamke aliyeolewa hapa kutoka Tarime, ng'ambo ya Isebania, akishajifungua tu jina lake la usichana linaanza kusahaulika: sasa ni Kobot fulani, mama ya fulani, basi.

Tumchukue mama huyo awe mfano wetu. Hayupo mmoja kama yeye. Nimemuunda kutokana na makosa ninayokutana nayo kwenye mafaili ya watu wengi. Ameishi Chebunyo miaka 12, anazungumza Kipsigis hata anapoota, ana watoto wanne. Siku mumewe anapotaka kumwandikisha kwenye hati ya shamba, ndipo inapogunduliwa kwamba kisheria yeye ni mgeni. Kifungu cha 65 cha Katiba hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Na bodi ya ardhi hairuhusiwi kuridhia shamba la kilimo lihamishiwe kwa asiye raia. Wengi hawaanzi safari ya uraia kwa sababu ya kura au pasipoti. Wanaianza kwa sababu ya shamba, na mara nyingi mume akiwa tayari mgonjwa.

Watanzania wana neno lao kwa jambo hili: tajnisi. Kenya tangu Katiba ya 2010 tuna aina mbili tu za uraia, wa kuzaliwa na wa kusajiliwa, na mgeni anayetaka kuwa Mkenya anaomba kusajiliwa. Watoto wa mama yetu wasiingizwe katika ombi hili hata kidogo. Baba yao ni Mkenya, kwa hiyo wao ni raia wa kuzaliwa, wawe wamezaliwa Longisa hapa Bomet au Tarime. Wanachohitaji ni vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba. Nimeona wazazi wakitaka kuwaombea watoto kitu ambacho watoto tayari wanacho.

Kwake yeye kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Njia ya kwanza ni ndoa: aliyeolewa au kuoa raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kusajiliwa akiomba. Njia ya pili ni ukaazi: aliyeishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo anaweza kuomba, akitimiza masharti ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Angalia maneno hayo mawili, "ana haki" na "anaweza kuomba". Wa ndoa akithibitisha aliyotakiwa kuthibitisha, ofisi haina nafasi ya kumpima kama anafaa. Wa ukaazi anapimwa: je, aliingia nchini kihalali, alikuwa hapa miezi 12 yote kabla ya kuomba, anaongea Kiswahili au lugha ya wenyeji, hajafilisika, hajafungwa miaka 3 au zaidi, na ana mchango gani katika maendeleo ya nchi? Mwenye ndoa halali ya miaka 12 anayeomba kwa njia ya ukaazi eti kwa sababu jirani yake alifanya hivyo, anajipandisha mlima usio wake.

Zamani mlango wa ndoa ulikuwa wa wanawake peke yao. Mke mgeni wa mwanamume Mkenya aliweza kusajiliwa. Mume mgeni wa mwanamke Mkenya hakuweza. Katiba ya 2010 iliufungua kwa wote, lakini bado nakutana na wanaume wa Kiganda waliooa Bomet wanaoamini kwamba jambo hili haliwahusu.

Sasa ndoa yenyewe. Hapa ndipo mafaili mengi ya upande wetu yanapokwama. Koito, sherehe ya posa na mahari, ilifanyika, ng'ombe walitoka, wazee wa pande zote mbili walikuwepo, wengine wao sasa ni marehemu. Kwa Chebunyo hiyo ni ndoa na nusu. Kwa karani wa Nairobi ni hadithi, mpaka iwe na cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawasawa na ya kanisani, ila inataka msajili apewe taarifa ndani ya miezi 3 baada ya sherehe. Karibu hakuna aliyefanya hivyo. Waliochelewa waende kwa msajili wa ndoa wote wawili, mume na mke, na barua ya chifu, hati za kiapo, na ikiwezekana mzee aliyeshuhudia. Mahari isiyomalizika isiwatishe: sheria inasema hata sehemu ndogo iliyotolewa kama ishara inatosha. Kinachopaswa kuwatia wasiwasi ni tarehe. Miaka 7 inahesabiwa tangu ndoa, kwa hiyo cheti kiseme koito ilifanyika lini, kisiseme tu siku mliyofika kaunta. Mume akiwa mgonjwa, hili lifanywe kwanza kabla ya mengine yote. Sheria inamlinda mjane ambaye, kama si kifo, angefikisha masharti, lakini kuthibitisha ndoa ya kimila baada ya maziko, huku mashemeji wakiwa wamenuna kwa ajili ya shamba, ni kazi nisiyomtakia mtu.

Baada ya ndoa, majina. Cheti cha kuzaliwa cha Tanzania, kama kipo, kina jina moja. Kadi ya ubatizo ina lingine. Pasipoti ina herufi iliyoongezwa na karani. Kwenye kitabu cha kliniki ameandikwa Mama Chebet, na kwenye cheti cha shule cha mtoto amepewa jina la ukoo wa mume. Chebunyo wote wanajua ni mtu mmoja. Afisa anaona watu watano. Dawa ni kuchagua jina moja, lile la pasipoti au cheti cha kuzaliwa, na kulifuata kila mahali. Tofauti ndogo za herufi zinaelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Aliyebadilisha jina hasa anahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, iliyosajiliwa. Asiye na cheti cha kuzaliwa arudi kwao aombe kwa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi, na afanye hivyo mapema wakati mama au shangazi wa kumtolea ushahidi bado yu hai.

Kisha miaka ya kuishi nchini. Neno "mfululizo" limewaangusha watu walioishi hapa nusu ya maisha yao. Wakazi wa mpakani huvuka kwenda msibani kwa njia za panya na kurudi vivyo hivyo, na pasipoti haina muhuri hata mmoja. Ushahidi wa kuishi basi unatafutwa kwingine: pasi ya mtegemezi, kadi za kliniki, risiti za chama cha ushirika cha maziwa, rekodi za shule, barua ya chifu au naibu wake. Ushauri wangu, ambao hautawafurahisha wenye haraka, ni huu: kama hadhi yako ya uhamiaji haieleweki, inyooshe kwanza. Aliyeolewa na raia kwa miaka 3 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Akiwa nao, faili la uraia linasimama juu ya kitu. Na wapo ambao ukaazi wa kudumu unawatosha kabisa. Hao ni wale wasiotaka kura wala shamba la kumiliki, hasa wanaoogopa kupoteza uraia wa kwao.

Woga huo una msingi. Uganda imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2009. Tanzania kwa kawaida haiwaruhusu watu wazima. Mama yetu anayetaka shamba la Chebunyo huenda akajikuta mgeni Tarime, na Tanzania nayo haimgawii mgeni ardhi ovyo. Kabla ya kula kiapo, aulize Uhamiaji wa Tanzania, na jibu alipate kwa maandishi. Uamuzi wa namna hii ni wa familia nzima, na haufanywi kwenye foleni.

Kuna watu ambao maswali haya yote hayakuwahusu, kwa sababu hawakuwa na uraia wa popote. Panda tena kwenye chai. Wakati wa ukoloni makampuni ya chai yalileta vibarua kutoka Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, wakaja kuchuma Kericho. Wakazaa, wakapata wajukuu. Uhuru wa 1963 uliwakuta mashambani bila cheti cha Rwanda wala cha Kenya. Wajukuu wao walizaliwa hospitali za Kenya, wakasoma shule za Kenya, kisha wakafika miaka 18 na kuambiwa hawana kwao. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti ya benki, na ukikutana na polisi usiku una la kujieleza.

Sheria ya 2011 iliwafungulia dirisha: waliohamia kabla ya 12 Desemba 1963, wasio na uraia wowote, na wazao wao, waweze kuomba. Dirisha lilikuwa la miaka 5, likaongezwa 3. Wamakonde wa Kwale, jamii nyingine iliyokuwa bila uraia, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa. Siku ya Jamhuri, 12 Desemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza uraia kwa Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Wapemba wa Pwani walifuata mwaka 2023. Angalia jinsi hayo yalivyofanyika. Makundi hayo yalisikilizwa kama jamii, si mtu mmoja mmoja. Tanzania ilikwisha kufanya jambo kama hilo kwa kiwango kikubwa zaidi: mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa uraia kwa tajnisi. Kwa hiyo mzao wa vibarua wale wa chai ambaye hakusajiliwa pamoja na wenzake asihangaike kujifanya mkaazi wa kawaida mwenye kibali ambacho babu yake hakuwahi kupewa. Atafute wakili au shirika linaloshughulikia watu wasio na uraia, na aende pamoja na jamaa zake waliosajiliwa; vyeti vyao ndio ushahidi wake mkubwa.

Kuwasilisha ombi lenyewe ni sehemu fupi. Huduma za uhamiaji zinaanzia eCitizen, na malipo ya serikali huenda kwa nambari ya malipo 222222. Yeyote anayekuomba utume ada kwenye simu yake binafsi mwache na simu yake. Cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi unaombea huko huko mtandaoni, kisha unachukuliwa alama za vidole, kwa mfano kwenye Kituo cha Huduma Bomet. Hapa nitoe tahadhari ndogo: vidole vya mkamuaji na mchuma chai vimesuguliwa na kazi, alama zinatoka hafifu na fomu inarudishwa. Pumzisha mikono na ipake mafuta siku kadhaa kabla, lakini siku yenyewe nenda na vidole vikavu.

Faili linaishia makao makuu ya Uhamiaji, Nyayo House, Nairobi. Chukua nakala ya kila karatasi kabla ya kuikabidhi, na uandike tarehe uliyoikabidhi. Utaitwa kuhojiwa. Kwa wanandoa, maswali mengine ni ya nyumbani kabisa, kwa sababu sheria haitambui ndoa iliyofungwa ili kupata uraia. Jibu ulijualo. Usimkariri mumeo kama shairi la shuleni. Wanandoa halisi husahau tarehe, na maafisa wanalijua hilo. Kama uliwahi kufungwa, sema. Uraia wa kusajiliwa unaweza kufutwa ukigundulika ulipatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo, hata miaka mingi ikipita. Na katika miaka 5 ya kwanza baada ya kusajiliwa, kifungo cha miaka 3 au zaidi kinaweza kukunyang'anya.

Kusubiri ni kurefu. Ukikataliwa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi na ya kwenda mahakamani, na sababu hizo ndizo wakili wako atakazoanza nazo, kwa hiyo usiondoke na jibu la mdomo. Ukikubaliwa, utakula kiapo cha utii na kupewa cheti cha usajili, na hicho ndicho utakachopeleka kuomba kitambulisho. Kabla hujaondoka kaunta, kisome cheti herufi kwa herufi, jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, ukilinganisha na pasipoti. Kukiwa na kosa, lirekebishwe siku hiyo hiyo, kabla hujapanda gari la Bomet.