Kwa Nini Wanatoboa Mgongo? Habari ya Tishu ya Neva



Katika namba hii sisi wa biolojia tulipaswa kuandika juu ya tishu ya neva, kwa sababu ndilo somo tulilolimaliza juzi. Tulikuwa tumekwisha kuanza kunakili daftari pamoja na michoro yake. Halafu ekipi ya kupima malale ikafika katika kijiji jirani, na wenzetu watatu wakakimbilia shambani mpaka jioni. Tulipowauliza, mmoja akajibu bila haya: "Kidole nitatoa. Lakini wakiona kitu watanitoboa mugongo, na mutu mwenye kutobolewa mugongo hazai tena." Mwingine akasema eti miguu inakufa. Basi tumeacha daftari. Tutaeleza tishu ya neva kwa kufuata njia ya ile sindano, tuone inapita wapi, inagusa nini, na kitu gani haigusi.

Seli za namna moja zikikaa pamoja na kufanya kazi moja, tunaziita tishu. Seli ya neva jina lake neuroni. Seli nyingine za mwili ni kama matofali, lakini hii inafanana zaidi na mti mdogo uliong'olewa na mzizi wake. Ina mwili mdogo wenye kiini ndani. Kutoka mwili huo hutokea matawi mengi mafupi, ndiyo dendriti, yanayopokea habari, na uzi mmoja mrefu, ndio aksoni, unaopeleka habari mbali. Mrefu kiasi gani? Neuroni inayoamuru misuli midogo ya unyayo ina mwili wake ndani ya mgongo, karibu na usawa wa ubavu wa mwisho. Aksoni yake inashuka pajani, gotini, muundini, mpaka chini ya mguu. Kwa mtu mrefu ni metre moja hivi. Hiyo ni seli moja tu, na mwili wake hauonekani bila mikroskopi!

Habari inapitaje katika uzi huo? Watu husema ni umeme, na ni kweli kwa sehemu, lakini si kama umeme wa waya wa jenereta. Ngozi ya aksoni ina milango midogo sana. Mlango ukifunguka, chembe za chumvi, yaani sodiamu, zinaingia ndani. Kuingia kwake kunafungua mlango unaofuata, na ule unaofuata, kama watu wa mstari mmoja wanaopokezana ndoo ya maji. Nyuma yake potasiamu inatoka, na mahali pale panarudi kuwa tayari. Aksoni ikifika mwisho haigusani na neuroni ya pili. Kuna nafasi nyembamba mno katikati, ndiyo sinapsi, na habari inavuka hapo kwa tone la dawa ambayo seli yenyewe imeitengeneza.

Aksoni nyingine zimevikwa mafuta yanayoitwa mielini, na hapo habari inaruka haraka, mpaka metre 100 na zaidi kwa sekunde moja. Nyingine ziko uchi, zinapeleka metre moja tu hivi kwa sekunde. Kila mtu aliyejikwaa kwenye kisiki anajua jambo hili hata kama hakulisoma. Kwanza maumivu makali kama sindano, palepale. Umekwisha kuruka na kushika mguu, ndipo yanafika yale maumivu ya pili, mazito, yenye kuunguza. Kisiki ni kimoja, lakini wajumbe ni wawili, na mmoja ana mwendo wa polepole.

Neuroni hazikai peke yake. Kando yake ziko seli za glia, zinazozilisha, zinazosafisha uchafu, na zinazotengeneza ile mielini. Ubongo wa mtu una neuroni karibu miliari 86, na glia karibu hesabu ileile. Vitabu vya zamani vinasema glia ni mara kumi zaidi. Mwenye kitabu cha namna hiyo asahihishe kwa kalamu ya risasi.

Sasa tuje kwenye nyumba yake. Ubongo una uzito wa kilo moja na nusu kasoro kidogo, nao unakaa ndani ya fuvu. Chini yake kunashuka kamba ya neva, ugwe wa mgongo, mnene kama kidole kidogo, ndani ya tundu la mifupa ya uti wa mgongo. Vyote viwili vimefunikwa na ngozi tatu nyembamba, na kati ya ngozi hizo kuna maji safi kama ya chemchemi. Ubongo unaelea ndani ya maji hayo, ndiyo maana ukipiga mbio hauparuzwi na mfupa. Maji yenyewe ni mililita 150 tu hivi, si zaidi ya kikombe cha chai. Lakini kila siku mwili unatengeneza karibu mililita 500, ni kusema yanabadilishwa mara tatu kutoka asubuhi hata asubuhi. Mshike hesabu hiyo, tutairudia.

Kuna jambo lingine ambalo kwetu sisi lilikuwa jipya kabisa. Mishipa ya damu inayopita ndani ya ubongo si kama mishipa ya mkono au ya tumbo. Seli za ukuta wake zimebanana sana, bila nafasi. Sukari na hewa zinapita, lakini vitu vingi vya damu vinakatazwa mlangoni. Mungu aliweka walinzi hapo kwa sababu neuroni ni mali ya thamani. Ngozi ikikatwa, seli mpya zinazaliwa. Neuroni ya ubongo ikifa, haipati wa kuirithi. Aksoni iliyokatwa mkononi inaweza kuota tena, milimetre moja hivi kwa siku, ikiwa mwili wa seli ungali mzima. Mwili wa seli wenyewe ukifa, basi.

Ni hapo ndipo malale inapoingia. Mbung'o wa kando ya Luama na vijito vyetu anapouma mtu, anaweza kumwachia kijidudu kiitwacho tripanosoma. Mwanzo kijidudu kinakaa katika damu na katika tezi, ndiyo maana muuguzi anapapasa shingo yetu upande wa nyuma. Mgonjwa ana homa za kuja na kurudi, kichwa kinauma, kujikuna, anafikiri ni malaria. Anaweza kukaa hivyo miezi, hata miaka. Kisha kijidudu kinavuka ule ukuta. Tangu siku hiyo si ugonjwa wa damu tena, ni ugonjwa wa tishu ya neva. Saa ya ubongo inaharibika, mtu anasinzia mchana akiwa na chakula mkononi, na usiku anazunguka uwanjani. Tabia inageuka: mpole anakuwa mtukanaji, mwenye akili anaanza kusema ovyo. Akigonga mkono kidogo kwenye mlango, maumivu yanachelewa, halafu yanafika makali kupita kiasi. Munganga mmoja Mfaransa, Kérandel, alieleza alama hiyo kwa mwili wake mwenyewe, kwa maana alikuwa amepata malale.

Basi munganga ana shida. Pentamidini inaua vijidudu vya damu, lakini haivuki ukuta vya kutosha. Dawa ya kale iliyovuka, melarsoprol, iliyoanza 1949, ilikuwa na arseniki ndani yake, na iliua wagonjwa karibu 5 kati ya 100 waliopewa. Nani atampa mtu dawa ya namna hiyo bila kuhakikisha kwamba anaihitaji? Damu haiwezi kusema kama kijidudu kimevuka. Ubongo hatuwezi kuupasua tutazame. Lakini maji yaleyale yanayoosha ubongo yanashuka mpaka kiunoni, na huko unaweza kuyachota. Mwaka 1903 Castellani alionyesha tripanosoma katika maji hayo ya wagonjwa wa Entebbe, Uganda. Hata leo munganga anatazama mambo mawili: je, kuna kijidudu? Na chembe nyeupe za damu zimepita 5 katika milimetre moja ya mraba wa pande zote? Hiyo ndiyo sababu ya sindano, hakuna nyingine.

Nayo inaingia wapi? Hapa tunawaomba wale watatu wasome polepole. Ugwe wa mgongo haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima unaishia kwenye mfupa wa kwanza au wa pili wa kiuno. Chini ya hapo zimebaki nyuzi za neva tu, zinazoning'inia ndani ya maji, na wenye elimu wanaziita mkia wa farasi. Sindano inaingia chini zaidi, kati ya mfupa wa tatu na wa nne, au wa nne na wa tano. Nyuzi zinasogea kando kama majani ya mtoni unapotia fimbo. Maji yanayochotwa ni mililita 5 hivi. Rudini kwenye hesabu yetu: mililita 500 kwa siku ni kama 20 kwa saa, kwa hiyo yale yaliyotolewa yanarudishwa kwa robo saa. Kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu, hilo hatulifichi. Lakini viungo vya uzazi viko mbali, sindano haina njia ya kuvifikia.

Maneno ya kijijini yalitoka wapi basi? Sisi tunafikiri hivi. Malale yenyewe, ikifika ubongoni, inazuia damu ya mwezi kwa wanawake, inaondoa nguvu za wanaume, na kulegeza miguu. Watu waliona mgonjwa ametobolewa, kisha wakaona hazai au anatembea kwa fimbo, wakashitaki sindano. Mwizi alikwisha kuingia zamani, aliyekamatwa ni mlinzi.

Tena mambo yamebadilika. Mwaka 2009 ulianza mchanganyiko wa dawa mbili bila arseniki. Mwezi wa 12 mwaka 2018 Kongo ilikubali vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa kwa sehemu kubwa hapa nchini. Vinamezwa siku kumi pamoja na chakula, na vinavuka ukuta. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi leo hawatobolewi tena. Sindano ni kwa wenye alama nzito, na watoto walio chini ya miaka 6 au kilo 20 wana njia yao. Katika 1998 Afrika nzima ilihesabu karibu wagonjwa 40,000. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka, lakini wengi wa hao ni Wakongomani.

Tuongeze habari moja ya jirani zetu wa Kasongo. Dutton, Mwingereza aliyeitambua tripanosoma katika damu ya mtu huko Gambia na kuipa jina la gambiense, alikuja Kongo pamoja na Todd mwaka 1903 kuchunguza malale. Hakurudi. Alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, wala si kwa malale: ni homa ya papasi, ambayo nayo alikuwa akiichunguza.

Mmoja wetu tunaoandika ana mjomba aliyesemwa kuwa amerogwa. Muda wa mwaka na nusu walimpeleka huku na huku, mpaka akapimwa. Vijidudu vilikwisha wote. Amerudi kulala usiku, anawatambua watoto wake, anakwenda shamba. Mkono wa kuume unatetemeka hata leo, na kuhesabu pesa kunamshinda, yeye aliyekuwa mchuuzi.

Ekipi imesema itapita tena mbele ya mitihani. Wawili kati ya wale watatu wamekubali kwenda. Wa tatu ametuuliza kama kidole kinauma sana.