Siku Moja na Ndege wa Msitu wa Dzalanyama

Mwezi huu ukurasa wa familia hauzungumzi juu ya chakula cha watoto wala juu ya shule. Tunawaletea habari ya safari. Watu 14 wa hapa Dzaleka, wazazi pamoja na watoto wao, walipata kibali cha kutoka kambini kwa siku moja, wakaenda kuangalia ndege katika msitu wa Dzalanyama. Mwandishi wa ukurasa huu alikuwa mmoja wao. Tangu turudi watu wanatuuliza: "Mwende mbali vile kuangalia ndege tu? Ndege si wako hapa hapa?" Swali ni zuri, na tutajaribu kulijibu.

Msitu wenyewe ni upi?

Dzalanyama uko kusini-magharibi ya mji wa Lilongwe, mpaka kufika Msumbiji. Kwa Chichewa jina lake linataka kusema mahali palipojaa wanyama. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 1,000, na umekuwa msitu wa hifadhi tangu miaka ya 1920. Usifikiri ni msitu wa giza na mvua kama ile ya kwetu upande wa Walikale au Itombwe. Huu ni msitu mkavu wa miombo. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 10 mvua ni kama hakuna, majani yanaanguka, na jua linafika chini. Halafu, hata kabla mvua haijaanza, miti inatoa majani mapya mekundu, na vilima vyote vinabadilika rangi. Ndugu zetu wa Katanga, na wale waliopitia Kigoma, wanaujua huo msitu vizuri sana. Ndimo wanamookota viwavi na uyoga.

Saa ya kwanza: kimya

Tuliondoka saa tisa usiku, kwa sababu ndege wanaimba na kutafuta chakula asubuhi na mapema. Jua likipanda wanajificha kivulini. Kiongozi wetu alitungoja njiani. Ni mzee wa kijiji kilicho kando ya msitu, na kazi yake ni kuongoza wageni. Alitupa masharti machache: kutembea polepole, kusema kwa sauti ya chini, kufunga simu, kutonyoosha mkono kwa haraka. Nguo nyeupe na nyekundu alikuwa amezikataza kabla. Darubini zilikuwa mbili tu, kwa hiyo tulipokezana.

Mzee anasema Chichewa. Watoto wetu, waliosoma hapa, ndio waliokuwa wakitutafsiria sisi wazazi. Alipotamka "mbalame", mtoto mmoja alitugeukia: "Ni ndege, lakini si ile ya angani yenye injini." Tulicheka, na mzee akatukumbusha sharti lake la sauti ya chini.

Kwa saa nzima hatukuona kitu. Miti, majani makavu chini ya miguu, basi. Papa mmoja akaanza kunung'unika eti amepoteza usingizi wake bure. Mara kiongozi akasimama, akainua kidole, akasikiliza. Sisi hatukusikia chochote. Baada ya dakika mbili hivi, miti juu yetu ilijaa ndege! Wadogo kwa wakubwa, wa kijivu, wa manjano, mmoja anagonga shina, mwingine anapekua majani, mwingine ananing'inia kichwa chini. Watoto waliandika aina 11 mahali pamoja. Baada ya robo saa wote walikuwa wamepita, na kimya kikarudi.

Mzee alitueleza. Katika miombo, wakati wa kiangazi, ndege wa aina mbalimbali wanatembea pamoja kama msafara. Macho mengi yanamwona mwewe upesi kuliko macho mawili. Tena, mmoja akitikisa jani, mdudu anayeruka anakamatwa na mwingine. Ndiyo maana unaweza kutembea sana bila kuona hata mmoja, halafu ukakutana nao wote kwa mara moja. Na yeye alijuaje? Alikuwa amemsikia mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda. Mlamba hupenda kufuatana na msafara huo, na adui akitokea yeye hupiga kelele. Watafiti wamegundua kwamba mlamba pia ni mjanja: mara nyingine hutoa sauti ya hatari wakati hakuna hatari, wenzake wanakimbia na kuacha chakula, yeye anakichukua. Papa aliyekuwa akinung'unika alisema watu wa namna hiyo anawafahamu.

Mti mmoja, nyumba nyingi

Lakini kilichotugusa zaidi kilikuwa mti mmoja mzee. Mzee alitukalisha chini yake karibu saa nzima, tukaona kwa nini.

Katika tawi lililokufa kulikuwa na tundu la kigogota. Msitu huu una kigogota wa Stierling, ambaye ulimwenguni anapatikana tu kusini mwa Tanzania, Malawi na kaskazini mwa Msumbiji. Watu wanatoka Ulaya kuja kumwona huyo mmoja. Kigogota akilihama tundu lake, ndege wadogo wasioweza kuchimba wanaingia na kutaga.

Chini kidogo kulikuwa na shimo kubwa la hondohondo. Wakati wa kutaga, mama hondohondo huingia ndani na kuziba mlango kwa udongo na mavi yake, anabakiza ufa mwembamba tu. Anakaa humo wiki nyingi. Chakula chake na cha watoto kinaletwa na baba, siku kwa siku, kupitia ule ufa. Baba akifa, nyumba nzima imo hatarini. Akina mama waliosikia hayo waliwatazama waume zao, na sisi tukatazama juu.

Juu kabisa, kwenye matawi, zilining'inia nyuzi za kijivu kama ndevu za mzee. Ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, na vinakua polepole kwenye matawi ya miti iliyokomaa. Kuna mnana mmoja, mwenye kichwa cha rangi ya zeituni, ambaye hujenga kiota chake kwa ndevu hizo. Mnana huyo amekuwa haba sana Malawi. Hatukumwona siku ile.

Sasa sikilizeni vizuri. Miombo ukiikata, kisiki kinachipua tena. Mtu akipita baada ya miaka mitano atasema msitu umerudi. Lakini mti mwembamba hauna shimo la hondohondo, hauna tawi kavu la kigogota, wala ndevu za mnana. Inabidi kungoja miaka mingi sana. Na ndege wa namna hii hawezi kuhamia shambani au mjini. Akikosa mti wake amekosa kwao.

Makaa na maji

Njiani tulipishana na wanaume wenye baiskeli zilizobeba magunia ya makaa, yale tunayoita makala sisi watu wa Kongo. Tusiwahukumu haraka. Wana watoto wanaongoja chakula kama sisi. Lakini hesabu ni hii: kwa tanuru la udongo, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Mingine yote ni moshi. Na wachomaji wanapenda miti minene, yaani ile ile yenye mashimo. Katikati ya miaka ya 2010 serikali ya Malawi ilipeleka hata wanajeshi kulinda Dzalanyama, kwa sababu mito inayotoka humo inaingia mto Lilongwe, na mji mkuu unakunywa maji hayo. Sisi tunateka kwenye visima vya pampu, lakini makaa ya sokoni kwetu nayo yalikuwa mti mahali fulani.

Jina ambalo mtoto hakulijua

Wakati wa kula, mzee alitusimulia habari ya mlembe, ndege anayewaongoza watu mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mtu anachukua asali, ndege anabaki na nta. Huko Niassa, Msumbiji, wawindaji wa asali wa Kiyao humwita kwa sauti maalumu waliyofundishwa na baba zao. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa sauti hiyo nafasi ya kuonyeshwa mzinga ilipanda kutoka 17 mpaka 54 kwa mia.

Mama mmoja wa Fizi akasema, "Kumbe! Huyo hata kwetu yuko." Akataja jina lake kwa Kibembe na kuiga sauti yake. Binti yake wa miaka 12, aliyezaliwa hapa kambini, alimtazama kwa mshangao. Miaka yote hiyo hakujua kwamba mama yake anajua ndege. Na mama alisema hakuna aliyewahi kumwuliza.

Ndugu wazazi, tulivuka mpaka na vitu vichache. Majina haya tulivuka nayo kichwani. Tusipoyatoa, tutazikwa nayo.

Yale tunayoweza kufanya hapa hapa

1. Saa kumi na mbili asubuhi, kaa na watoto mlangoni kwa robo saa. Hesabuni ndege. Hata kambini kuna kunguru, mwewe, shomoro, na kuanzia mwezi wa 10 mbayuwayu wanaotoka Ulaya.

2. Anzeni daftari la familia. Kila ndege aandikwe kwa Kiswahili, kwa Chichewa na kwa lugha ya nyumbani: Kifuliiru, Mashi, Kibembe, Kirundi, Kinyarwanda. Waulizeni wazee.

3. Kijana mwenye manati tusimpige. Tumpe kazi ya kutafuta viota na kuvihesabu bila kuvigusa. Mtu anayemwona ndege upesi anaweza kesho kuwa kiongozi wa wageni.

4. Mama au papa unayepika: loweka maharagwe usiku kucha, funika sufuria, na zima mbabula chakula kikiiva. Gunia litakaa siku nyingi, na pesa itabaki mfukoni.

Watoto walirudi na aina 31 katika daftari. Ukiwa na jina la ndege wa kwenu, lilete kwetu pamoja na habari zake, na katika toleo lijalo tutayachapa yote. Mungu awalinde, na familia zenu ziwe na amani.