Venice: Mlango Mmoja Nchi Kavu, Mwingine Majini

Magari yaingiayo Venice huishia Piazzale Roma, na treni huishia kituo cha Santa Lucia. Kuanzia hapo ni miguu na boti. Mji umekaa juu ya visiwa zaidi ya 100 vilivyoungwa kwa madaraja yapatayo 400, mengi yakiwa na ngazi, na mgeni aliyepanga fleti kwa ajili ya likizo huyahesabu kwa mabega yake. Mtu wa Lamu hatashangazwa na mji usio na gari, ila hapa hakuna punda wa kumbebea sanduku. Kabla ya kuuliza idadi ya vitanda, muulize mwenye nyumba kituo cha boti kilicho karibu, na kutoka hapo hadi mlangoni unavuka madaraja mangapi.

Anwani nayo ina mambo yake. Mji wa kale umegawanywa katika mitaa mikubwa sita: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Namba za nyumba hazifuati uchochoro, zinafuata mtaa mzima, zikizunguka na kujipinda hadi Castello peke yake zinavuka 6,000. Ukipewa "Castello 4720" bila neno jingine, hujapewa kitu. Dai jina la uchochoro, ambao wenyewe huuita calle, na jina la uwanja ulio karibu. Hata hivyo shika mtaa kwanza, kwa sababu Calle del Forno, uchochoro wa tanuri la mkate, zipo kadhaa mjini.

San Marco ni ghali na husongamana watu. Cannaregio na upande wa mashariki wa Castello ndiko bado utaona nguo zimeanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha, na mimi ningepanga huko. Giudecca, ng'ambo ya mfereji mpana, kumetulia, lakini kila safari ya mjini ni boti, na tiketi moja ya dakika 75 ni euro 9.50. Anayekaa juma zima hununua pasi ya siku saba.

Nyumba nyingi za kupanga ni vipande vya majumba ya wafanyabiashara wa zamani. Jumba la namna hiyo lilikuwa na milango miwili, mmoja wa kuingilia watu kutoka uchochoroni na mwingine wa kupakulia shehena kutoka mferejini. Chini palikuwa ghala. Juu yake ndipo alipoishi tajiri, penye dari ya juu na madirisha marefu, na darini walilala watumishi. Baadhi ya bidhaa za mji huu zilifika hata kwetu: ushanga wa kioo wa Venice ulipitia Zanzibar na kubebwa na misafara ya karne ya 19 hadi bara. Leo tabaka zote hizo za jumba zimekatwakatwa kuwa fleti. Tangazo likisema "ya kihistoria", mara nyingi maana yake ni boriti za mbao, sakafu iliyoinama kidogo, na ngazi nyembamba bila lifti.

Fleti ya chini, yaani ile iliyokuwa ghala, huwa rahisi zaidi, na sababu yake ni maji. Kuanzia vuli hadi majira ya baridi, bamvua likikutana na upepo wa kusini unaosukuma bahari ya Adriatic, maji hupanda hadi viwanjani. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194 juu ya kipimo cha mji. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika 187. Tangu Oktoba 2020 malango ya chuma yaitwayo MOSE huinuliwa kwenye milango ya bahari pindi maji makubwa yanapotarajiwa, na mji umepumua. Lakini malango hayainuliwi kwa kila maji kujaa, kwa hiyo viwanja vya chini bado hulowa. Ukipanga Novemba, panga ghorofa ya kwanza au zaidi.

Dirisha linalotazama mfereji ndilo linalouza fleti. Pichani halisemi kwamba boti za mizigo huanza kunguruma alfajiri, wala kwamba kiangazi kina mbu. Ndiyo, mbu, na chandarua usikitegemee; nunua dawa ya kuchoma dukani. Umeme nao una kiasi: nyumba nyingi za Italia hupewa kilowati 3 tu, hivyo ukiwasha tanuri, mashine ya kufulia na kiyoyozi kwa pamoja, swichi kuu hujizima. Uliza iko wapi siku ya kwanza, kabla ya giza. Plagi zetu za pini tatu za mstatili haziingii huko bila adapta.

Upande wa sheria, anayetoka Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na ubalozi utataka uthibitisho wa malazi. Risiti ya fleti yenye jina lako na anwani kamili inatosha pale tu mwenye nyumba ni wa halali. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya namna hii lazima ionyeshe namba yake ya usajili ya taifa, kwenye tangazo na nje ya jengo. Pasipo namba, tafuta nyingine. Ukifika utaombwa pasipoti, kwani taarifa za mgeni hupelekwa polisi, na utalipa kodi ya ukaaji kwa kila usiku. Ada ya kuingia mjini iliyoanza Aprili 2024 inawahusu wageni wa kutwa. Anayelala mjini haitozwi.

Hata hivyo wenyeji wana neno juu ya fleti hizi. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Leo hawafiki 50,000, na duka moja la dawa karibu na daraja la Rialto limeweka dirishani namba inayoonyesha waliosalia. Mwaka 2023 vitanda vya wageni viliwapita wakazi. Mwenye nyumba anayepata kwa juma kodi ya mwezi hana haja ya mpangaji wa kudumu, na kijana anayefanya kazi mjini huishia kulala Mestre, bara. Kwa hiyo nikipata kuchagua, humchagua anayekodisha sehemu ya nyumba anayoishi mwenyewe kuliko kampuni yenye funguo hamsini.

Jirani atakuvumilia zaidi ukijua mambo ya takataka. Hazitupwi usiku, shakwe hupasua mifuko na kutapakaza kila kitu uchochoroni. Wazoaji huja asubuhi na kupiga kengele, karatasi siku moja, plastiki na chupa siku nyingine. Ratiba hubandikwa jikoni. Na jiko litumie: soko la samaki la Rialto hufunguliwa asubuhi, Jumatatu hufungwa, na ngisi wa hapo utampika mwenyewe kwa bei ambayo hakuna mgahawa wa San Marco utakaokupa.