Bodi ya kiganjani, mota za kilo nne na mlango wa ami

Wasomaji wetu wengi mna kijana nyumbani mwenye sanduku la nyaya chini ya kitanda. Wangu ana miaka 17. Usiku mmoja tulishtuka kwa harufu ya plastiki inayoungua. Mamake alikimbilia jikoni, mimi nikakimbilia chumbani kwa kijana. Nikamkuta amesimama, kashika bodi yake ndogo ya Arduino kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa. Mbele yake, juu ya busati, kulikuwa na mota nyeusi, nzito, yenye waya nne.

"Baba, nimeiunganisha tu," akasema.

Mota ile ilikuwa na kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa ya ami yangu. Ami amechonga milango tangu ujana wake Unguja, akahamia Maskati katika miaka ya 1970, akafungua karakana yake Wadi Kabir. Sasa ni mtu wa miaka 74 na mikono imeanza kumtetemeka. Mjukuu wake alikuwa anajenga Seeb, na ami alikuwa amemwahidi mlango: miimo, kizingiti, mfaa wa katikati, vyote kwa nakshi. Mbao za mfenesi zilikwishafika kutoka Unguja. Kilichobaki ni mikono, na mikono ndiyo hiyo.

Kijana akaja na fikra. Kuna karakana iliyokuwa inafungwa, wanauza mashine kuukuu ya kukatia mbao kwa kompyuta. Fremu ya chuma nzima, reli nzima, skrubu zake za gololi nzima, mota tatu kubwa nzima. Kilichokufa ni sanduku la akili tu. "Tutaipa akili ya Arduino," akasema. Mashine ingechimba ardhi ya nakshi, ile kazi ngumu ya kuondoa mti mwingi, na ami angemalizia kwa patasi. Ami alisikiliza, akanywa kahawa yake, akasema, "Haya. Tuone."

Mimi nimekuwa fundi wa AC miaka 26. Nilidhani naelewa umeme. Kumbe nilikuwa na mengi ya kujifunza.

Mwenye amri si mwenye nguvu

Mota hizi huitwa mota za hatua. Haizunguki ovyo kama mota ya feni. Ndani yake koili huwashwa kwa zamu, na kila zamu ekseli husogea hatua moja ya nyuzi 1.8. Hatua 200 ni mzunguko mmoja kamili. Ukiihesabia hatua, unajua ilipo, na ndiyo maana zinafaa kwa kuchonga.

Zetu zina uso wa milimita 86, na kila moja ina uzito wa karibu kilo 4. Nguvu yake imeandikwa newtonimita 8.5. Kwa lugha ya karakana: ukifunga mkono wa chuma wa sentimita 10 kwenye ekseli, mota inaweza kuzuia kilo 8 na ushei zisishuke. Kwa kufanya hivyo inakula ampea 6 katika kila koili.

Sasa angalia bodi ya Arduino Uno. Pini yake moja hutoa volti 5, na mkondo wa kuitegemea ni ampea 0.02. Ukivuta ampea 0.04 umefika ukingoni. Mota inataka mara 300 ya kile ambacho pini inaweza kutoa kwa salama. Mwanangu alikuwa amechomeka waya wa mota moja kwa moja kwenye pini. Ni sawa na kufunga lori kwa uzi wa kushonea.

Bodi haiendeshi mota. Bodi inatoa amri tu. Kati yake na mota panakaa draiva, kisanduku cha bati chenye mapezi ya kupoza joto, na draiva ndiyo inayochukua nguvu kutoka pawa saplai na kuigawa kwenye koili. Amri ni mbili: pigo moja la umeme maana yake "songa hatua moja", na waya wa pili husema upande gani. Ndani ya draiva, amri hizo hupita kwa mwanga mdogo badala ya waya, ili balaa la upande wa nguvu lisirudi kwenye bodi. Kwa hiyo bodi ya kiganjani inaweza kuamrisha mota ya kilo 4 au ya kilo 40. Kinachobadilika ni draiva na pawa saplai yake.

Volti 60 kwa mota ya volti 3?

Hapa nikabishana na mwanangu. Koili ya mota ina ohm 0.5. Zidisha kwa ampea 6, unapata volti 3. Yeye anataka pawa saplai ya volti 60. Nikamwambia, "Utaunguza nyumba."

Alikuwa sahihi yeye. Koili ni nzito kupokea mkondo. Ukiifungulia umeme, mkondo hupanda taratibu, na mota inapokwenda mbio kila hatua ina muda mfupi mno. Kwa volti 3, hatua inakwisha kabla mkondo haujafika, na mota inabaki dhaifu. Volti nyingi zinausukuma mkondo upande haraka, kisha draiva inaupima na kuukata ukifika ampea ulizopanga, maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo volti zinanunua mbio, na swichi ndogo za ubavuni mwa draiva ndizo zinazolinda mota. Draiva yetu inavumilia volti 80, tukaiwekea 60 kwa makusudi, kwa sababu mota kubwa ikipunguza mwendo ghafla inarudisha umeme nyuma, na lazima pawepo nafasi.

Kosa la pili lilikuwa langu. Nilichomoa waya wa mota wakati draiva inafanya kazi. Cheche moja, draiva kwisha. Mamake kijana hajasahau bei yake mpaka leo. Zima kwanza, ngoja kapasita za pawa saplai zimalize umeme uliobaki, ndipo uguse waya.

Kulia bila kusogea

Draiva mpya ikaja. Mwanangu akaandika programu fupi, akatuma mapigo. Mota ikalia kama mbu ndani ya kopo, isisogee.

Sababu ni hesabu na uzito. Tulipanga draiva igawe kila hatua mara 8 ili mwendo uwe laini, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mapigo 1,600. Skrubu yetu husogeza milimita 5 kwa mzunguko, yaani mapigo 320 kwa kila milimita. Maktaba ya kawaida ambayo vijana huanza nayo hufika mapigo 4,000 hivi kwa sekunde kwenye Uno, na hayo ni milimita 750 tu kwa dakika. Kijana alikuwa ameandika kitanzi chake mwenyewe ili apite hapo, akarusha mapigo mengi tangu sekunde ya kwanza. Mota kubwa yenye mzigo haiwezi kuruka kutoka kusimama mpaka mbio. Ni kama gari lililojaa mizigo kwenye mlima: lazima lianze polepole na kuongeza mwendo.

Suluhisho likawa GRBL, programu ya bure iliyotengenezwa kwa bodi hizi hizi. Inasoma amri za mwendo zilizotokana na mchoro, inapandisha na kushusha mwendo kwa mpango, na inaweza kutoa mapigo 30,000 kwa sekunde. Pini ya 2, 3 na 4 hutoa mapigo ya mihimili mitatu, pini ya 5, 6 na 7 husema upande. Tukaiandikia 320 kwa milimita, tukaanza na mwendo wa upole. Mota zikaimba, mashine ikasogea. Ami akatabasamu, jambo asilolifanya ovyo mbele ya mashine.

Ubao ulioharibika

Kwa wiki mbili mambo yalikwenda vizuri. Tulifanya kazi baada ya alfajiri na baada ya isha, maana mchana wa Maskati kiangazi unapita nyuzi 40 na draiva zinahitaji feni. Mota zenyewe kuwa moto ni kawaida. Zimetengenezwa kuvumilia ganda la nyuzi 80 hivi, kwa hiyo usiogope ukishindwa kuziwekea kiganja.

Siku ya tatu ya ubao wa mfaa, nilipandisha mwendo ili tumalize kabla ya magharibi. Ncha ikakutana na kifundo cha mti, ikatoa sauti ya kukoroma, kama sekunde moja, ikaendelea. Nilikuwa kwenye simu. Nilipogeuka, nusu ya ua ilikuwa mahali pake na nusu nyingine imehama milimita 6 upande. Ubao ule ulitoka Unguja na hatukuwa na mwingine wa urefu ule.

Nikaangalia skrini. Bodi ilisema iko mahali sahihi kabisa.

Hili ndilo jambo kubwa la mota za hatua. Bodi inahesabu amri ilizotoa. Haijui kama zimetekelezwa. Mota ikizidiwa, sumaku yake inateleza na kudaka tena hatua 4 mbele au nyuma, ambazo kwetu ni sehemu ya kumi ya milimita. Ikiteleza mara 60, una milimita 6, na hakuna wa kuiambia bodi.

Ami alikuja, akapitisha kidole gumba juu ya ua lililokatika. Sikuwa na la kusema. Akauliza swali moja tu: "Nani alikuwa anaangalia?"

Kisha akatueleza jinsi alivyofundishwa utotoni. Kila baada ya mapigo machache ya nyundo, unasimama, unapitisha kidole, unajua ulipo. Aliyekuwa anaruka hatua hiyo mwalimu wao alimnyang'anya patasi siku nzima. Sisi tulikuwa tumeijengea mashine mkono usio na kidole.

Tuliyobadilisha

Zipo mota za hatua zenye kisomaji nyuma ya ekseli, ambacho humwambia draiva kama hatua imekwenda kweli. Ni nzuri, na anayeanza upya na uwezo anao namshauri azifikirie. Sisi tulitengeneza kwa tulichonacho. Tuliweka swichi za mwisho kwenye kila mhimili, na kila baada ya ua moja mashine hurudi nyumbani kugusa swichi. Ikigusa mahali pasipotarajiwa, tunajua imeteleza kabla haijaharibu ua la pili. Tukapunguza kina cha kukata na kupunguza mwendo. Waya za mota tukazibadilisha kwa zile zenye ganda la kuzuia mawimbi, ganda likafungwa kwenye waya wa ardhi upande mmoja tu, na waya za swichi tukazitenga mbali nazo, kwa sababu kelele za umeme za draiva zilikuwa zinaidanganya bodi kuwa swichi imeguswa.

La mwisho ni kitufe chekundu cha kusimamisha. Vijana wengi hukiunganisha kwenye bodi. Mimi nasema kikate umeme wa mota ya kukatia na wa draiva zote, kwa sababu bodi yenyewe ndiyo inaweza kuwa imepotea. Lakini jueni jambo moja ambalo lilinikosa kidogo kunichukulia kidole: ukikata umeme, mhimili wa juu hauna cha kuushika. Skrubu ya gololi ni laini sana, na kichwa chote hushuka kwa uzito wake. Sasa tumefunga springi ya kukibeba, na kipande cha mti huwekwa chini yake kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono.

Mlango ulipofika Seeb

Ubao wa mfaa ulioharibika ami hakuutupa. Aliukata pale ua lilipohama, akaunga kipande kingine, na juu ya kiungo akachonga mnyororo kwa mkono wake, polepole, siku tisa. Mkono ulitetemeka, lakini mashine ilikwisha kumtolea mti mwingi, na kilichobaki kilikuwa kidogo na kilimtosha. Mlango umesimama Seeb mwezi wa tatu sasa. Wageni hupiga picha mnyororo ule. Hakuna anayejua kwa nini uko pale, na ami hataki waambiwe.

Kwa wazazi wenye kijana wa sanduku la nyaya: msimnyang'anye. Mnunulieni mota ndogo kwanza, ile ya uso wa milimita 42, na draiva yake, ajifunze kwa umeme usioumiza. Ikifika zamu ya mota kubwa, upande wa umeme wa ukutani, fyuzi na waya wa ardhi akae na fundi anayejua. Na mashine inapokata, mtu awe mbele yake, simu iwe mfukoni.

Kijana wangu sasa anataka kuanza sanduku la harusi la dada yake. Jana nilimkuta amesimamisha mashine katikati ya kazi. Nikamuuliza kuna tatizo gani. Akasema hakuna, akaendelea kupitisha kidole gumba juu ya mti.