MABADILIKO YA ARDHI YA TANGA NA JINSI YALIVYOCHUNGUZWA

Mkulima, litazame shamba lako lilivyo leo, kisha umwulize mzee wako lilikuwaje alipokuwa kijana. Huenda atakuambia: hapa palikuwa msitu, pale palikuwa mkonge, na kijito kile hakikukauka kiangazi. Wataalamu nao huuliza maswali hayo hayo, lakini iliwachukua miaka mingi kujua kwamba yafaa kumwuliza mkulima.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Wakati huo mkonge, ulioletwa Tanga mwaka 1893, ulikuwa ukienea nchi ya chini. Swali kubwa la siku zile lilikuwa: mmea gani utastawi na kuleta faida?

Miaka ya 1930 likaja swali la udongo wenyewe. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Amani, aliona kwamba udongo hubadilika kwa utaratibu toka kilimani mpaka bondeni, kama pete za mnyororo zilizoshikana. Mwaka 1935 aliuita mpango huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo hutumika duniani kote hata leo. Maana yake kwako ni hii: ukilima vibaya juu, mvua itachukua udongo wako mzuri, na shamba la chini nalo litabadilika.

Mwaka 1946 Serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta, na aliyekataa alitozwa faini. Hatari ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana upesi, na watu waliogopa kunyang'anywa ardhi. Walipinga, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa 1961. Ndipo ilipojulikana kwamba kupima udongo bila kusikiliza watu hakutoshi. Miaka ya 1980 mradi mwingine wa Lushoto ulitumia majani ya Guatemala na miti iliyopandwa kwa kukingama mteremko. Majani hayo yalizuia udongo na pia yalilisha ng'ombe, hivyo mkulima aliona faida yake.

Tangu mwaka 1972 satelaiti za Marekani zimekuwa zikipiga picha za ardhi toka angani. Picha hizo huonyesha msitu umeishia wapi, lakini hazisemi kwa nini ulikatwa. Jibu la swali hilo analo mwenye shamba.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Lima kwa kukingama mteremko, usilime kwa kuufuata. Mwombe Bwana Shamba akusaidie kupima mistari.

2. Panda majani ya Guatemala au majani ya tembo juu ya mistari hiyo. Yakate na kuwapa ng'ombe zizini.

3. Usilime ukingoni mwa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

4. Weka daftari. Kila mwaka andika ulichopanda, magunia uliyovuna, na mahali maji yalipochimba korongo. Mtaalamu akija, mwonyeshe.

Usingoje korongo lifike mlangoni. Udongo uliochukuliwa na maji haupandi tena mlimani.