Kutafsiri Matini Nyingi kwa Pamoja Katika Lahajedwali: Manufaa na Tahadhari

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili hapa Bujumbura hufanya kazi katikati ya lugha kadhaa. Fomu, ratiba na orodha nyingi humfikia kwa Kifaransa, wanafunzi wake huzungumza Kirundi nyumbani, naye anatakiwa kuyaweka yote hayo katika Kiswahili. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kazi ya aina hii imezidi kuongezeka. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna lahajedwali linavyoweza kutusaidia kutafsiri mamia ya vipashio kwa wakati mmoja. Aidha, tutaonyesha mahali ambapo msaada huo unaweza kutupotosha.

Namna ya kuandaa jedwali

Lahajedwali ni programu inayopanga maandishi na tarakimu katika safu na visanduku, kama vile Excel au Google Sheets. Tunapendekeza safu sita. Safu A iwe ya namba za mfululizo, B ya matini ya Kifaransa, C ya muktadha, D ya rasimu ya mashine, E ya tafsiri iliyosahihishwa na F ya maoni.

Katika Google Sheets, andika fomula ifuatayo kwenye kisanduku D2:

=GOOGLETRANSLATE(B2;"fr";"sw")

Kisha buruta kona ya kisanduku hicho kuelekea chini, na safu nzima itajaa. Tunatumia nukta mkato kwa kuwa jedwali letu limewekwa katika mpangilio wa Kifaransa. Penye mpangilio wa Kiingereza, alama hiyo huwa mkato. Rasimu ikishapatikana, inakili safu D na kuibandika papo hapo kama thamani tu bila fomula, kwani fomula huhitaji intaneti na matokeo yake yanaweza kubadilika siku nyingine.

Tatizo la ngeli

Mashine hutafsiri kila kisanduku peke yake. Haijui kilichomo katika kisanduku cha juu wala cha chini. Kwa Kiswahili, hili ni tatizo kubwa, kwa sababu maneno yetu mengi hayakamiliki bila nomino inayoyatawala. Chukua neno la Kifaransa "fermé". Tukiwa na ofisi tutasema imefungwa, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na kitabu kimefungwa. Vilevile "nouveau" ni mpya kwa mwanafunzi, kipya kwa kitabu na jipya kwa jengo. Mashine itachagua umbo moja na kulirudia safu nzima, nayo makosa yatatapakaa haraka kuliko ambavyo mtu mmoja angeweza kuyaandika kwa mkono.

Ndiyo maana safu C ni muhimu kuliko zote. Humo tuandike nomino inayohusika na mahali maneno yatakapotumika. Neno "note", kwa mfano, ni alama likiwa kwenye orodha ya matokeo, lakini ni maelezo mafupi likiwa chini ya ukurasa.

Tatizo hili halikuanza na mashine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Menyu nazo ni maneno mafupi yaliyotengwa na sentensi zake, na yeyote anayezitafsiri hana budi kwanza kujiuliza neno hili litasimama wapi.

Kirundi nacho kinatupa mfano mzuri. Neno "ejo" ni jana na pia ni kesho, na msikilizaji hutambua maana kwa njeo ya kitenzi. Likiwa peke yake ndani ya kisanduku, hakuna mfasiri, awe mtu au mashine, anayeweza kulitafsiri kwa uhakika.

Tatizo la saa

Kosa la hatari zaidi hutokea katika ratiba. Matini ya Kifaransa husema "examen à 9 h". Rasimu ikiacha tarakimu hiyo na kuandika "mtihani saa 9", msomaji wa Kiswahili ataelewa saa tisa alasiri, ilhali mtihani ni saa tatu asubuhi. Mwanafunzi atafika saa sita baada ya wenzake kuanza. Vivyo hivyo, "14 h" ni saa nane mchana. Kwa hiyo saa zote zipitiwe moja moja na binadamu, tena ziandikwe pamoja na neno asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku.

Hatua za kusahihisha

Kwanza, panga jedwali kwa kufuata alfabeti ya safu B, ili maneno yanayofanana yakae pamoja na uone kama istilahi moja imetafsiriwa kwa njia mbili. Pili, soma safu E ukiilinganisha na C. Tatu, rudisha mpangilio wa awali kwa kutumia namba za safu A. Nne, mpe mwenzako asome Kiswahili pekee bila kuona Kifaransa. Atakapokwama, hapo pana kasoro.

Pia tukumbuke kwamba matini huondoka kwenye kompyuta yetu na kwenda kwa kampuni ya nje. Majina ya wanafunzi, alama zao na maswali ya mitihani ambayo haijafanyika visiingizwe humo kamwe.

Hitimisho

Lahajedwali hutuondolea kazi ya kunakili, lakini upatanisho wa kisarufi, istilahi na saa bado ni wajibu wetu. Tunawashauri walimu kulitumia hata darasani: wape wanafunzi safu D yenye makosa, nao wajaze safu E na kueleza katika safu F ni ngeli ipi iliyokiukwa. Hivyo rasimu ya mashine itakuwa zoezi zuri la sarufi.